Nilikiomba kizazi kitolewe, kimetolewa, mbona sasa nalia kila siku?

#1 Subira_N
Habari za humu. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Nina miaka 41. Nimeishi na uvimbe kwenye kizazi kwa muda mrefu, damu ikitoka mpaka naogopa kukaa kwenye kiti cha mtu. Nimeongezewa damu, nimekosa kazi, nimekosa shughuli za watu kwa sababu sijui nitachafuka saa ngapi. Watoto ninao wawili na sikuwa na mpango wa mwingine. Kwa hiyo daktari aliposema tukitoe kizazi, mimi ndiye niliyekuwa na haraka kuliko yeye. Upasuaji umeenda vizuri, kidonda kimepona, damu hakuna tena.

Sasa mbona nalia? Saa tisa usiku usingizi unakatika, nabaki nimekodoa macho mpaka kunakucha. Asubuhi mwili hauna nguvu. Watoto wakicheka naona kelele tu. Mambo niliyokuwa nayapenda yamekuwa kama hayanihusu. Mume wangu anasema "si ulitaka mwenyewe?", na linaniuma kwa sababu ni kweli, nilitaka.

Daktari alisema mayai yameachwa, kwa hiyo homoni ziko palepale. Kama ziko palepale, hii ni nini? Naomba waliopita njia hii waniambie.

#2 Chuma cha Pua
Pole dada. Ni homoni. Uzi ufungwe.

#3 Mama Pacha
Mkuu #2 soma kwanza, amesema ovari, yaani hayo mayai, zimebaki.

Mimi zangu zilitoka zote mbili pamoja na kizazi. Kwangu hakukuwa na kubahatisha: hata wiki haikuisha, fukuto likaanza. Usiku shuka linalowa, mchana nawaka hasira bila kuguswa na mtu, halafu nalia kwa kuwa nimekasirika. Nilielezwa kwamba mwanamke anayekoma hedhi kwa umri, estrojeni yake, ile homoni ya kike inayotoka kwenye ovari, huyumbayumba na kupungua kwa miaka. Ukitolewa ovari inaporomoka kwa siku chache tu, na ubongo nao unaitumia hiyo estrojeni, usidhani ni ya kubebea mimba peke yake. Nilipewa kibandiko cha estrojeni. Usingizi ndio uliorudi kwanza, na uliporudi nusu ya sonona ikaondoka nao. Nusu, sio yote.

#4 Nesi Mstaafu
Subira pole sana. Hapo kwenye "mayai yameachwa kwa hiyo homoni ziko palepale" nina neno.

Ovari hupata sehemu ya damu yake kupitia mishipa inayotoka upande wa kizazi. Kizazi kikiondolewa, mishipa hiyo hukatwa. Ovari nyingi huendelea na kazi bila shida, lakini wapo wanawake ambao zao hulegea, na kwa jumla waliotolewa kizazi huwahi kufikia ukomo wa hedhi kuliko wenzao wa umri uleule. Ubaya ni kwamba huna damu ya kila mwezi ya kukuonyesha. Kwa umri wako daktari anaweza kupima FSH, homoni inayoziamuru ovari zifanye kazi. Ikiwa juu na ikabaki juu ukirudia baada ya wiki kadhaa, ujue ovari zimechoka.

Jambo la pili, tafuta karatasi uliyopewa siku ya kuruhusiwa. Ikiwa imeandikwa BSO, ovari zote mbili na mirija vimeondoka. Ikiwa mirija peke yake ndiyo iliyotolewa, hilo hufanywa sana siku hizi kupunguza hatari ya saratani ya ovari, na haligusi homoni kama kutoa ovari. Nimefanya kazi wodi ya wanawake miaka mingi. Wengi wanatoka hawajui kilichotolewa ni nini hasa.

#5 Kichwa Ngumu
Naomba niseme kama mume. Mke wangu alipotoka hospitali nyumba ilijaa watu. Alipewa masharti: usinyanyue kizito, usiiname, pumzika wiki sita mpaka nane. Mtu ambaye nyumba nzima ilikuwa inaendeshwa na yeye, akawa anaomba aletewe maji. Wageni wakaisha wiki ya tatu hivi. Sonona ilianzia hapo, kidonda kilipopona na watu wakahesabu kwamba mambo yamekwisha. Mimi sijui FSH. Najua alikaa ndani sana na hakuwa na kazi ya mikono.

Alianza kubadilika aliporuhusiwa kutembea nje jioni. Mwanzo mpaka getini, baadaye mbali zaidi.

#6 Mama Pacha
#5 hiyo ya wiki ya tatu ni kweli tupu. Hata simu zinakata.

#7 Tausi wa Usiku
Mimi sikuomba kitolewe.

Nilijifungua, damu ikakataa kusimama, wakajaribu dawa, wakajaribu kila walichokuwa nacho, mwisho wakatoa kizazi niokoke. Nililala nikiwa mama wa mtoto wa kwanza nikaamka nikiwa mama wa mtoto wa mwisho. Nikisema naumia naambiwa shukuru uko hai. Nashukuru. Nalia pia.

Kwa hiyo #2 usifunge uzi. Homoni zangu zilipimwa, ziko sawa. Mimi nilikuwa naota taa za chumba cha upasuaji kila usiku, na harufu ya dawa ya kusafishia ilikuwa inanitetemesha popote nikiisikia. Mtaalamu wa saikolojia aliniambia kwamba pamoja na sonona kuna kiwewe, na kiwewe kina tiba yake, tofauti. Kabla yake nilikuwa nimeshapewa vidonge tu na kuambiwa nirudi mwezi ujao.

#8 Chuma cha Pua
Pole mno dada Tausi. Nimeufungua uzi, nimeweka na kiti.

#9 Mdau wa Takwimu
Kuna utafiti wa Mayo Clinic ya Marekani uliochapishwa 2019. Walichukua wanawake kama 2,100 waliotolewa kizazi kati ya 1980 na 2002, wote ovari zao ziliachwa, wakawalinganisha na wanawake wa umri uleule ambao hawakufanyiwa upasuaji. Katika miaka 30, sonona mpya kwa waliotolewa kizazi ilizidi kwa asilimia 6.6, yaani kama wanawake saba zaidi kwa kila mia. Kwa waliotolewa wakiwa na miaka 18 hadi 35, ilizidi kwa asilimia 12.

Subira, maana yake wewe sio kituko. Ila msomaji mwingine asiogope: wengi kwenye utafiti huohuo hawakupata. Na zipo tafiti nyingine zilizofuatilia wanawake waliokuwa wanateswa na damu na maumivu, wengi walikuwa na nafuu ya moyo baada ya upasuaji kuliko kabla.

#10 Mama Pacha
Asilimia 6.6 ukiwa nje. Ukiwa ndani yake ni mia kwa mia.

#11 Mdau wa Takwimu
Sibishi. Naongeza tu kwamba utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kizazi kutoka ndiko kulikoleta sonona. Inawezekana kile kilichowapeleka kwenye upasuaji, miaka ya maumivu na damu, kilishaanza kazi kabla ya kisu.

#12 Bibi Shoka
Mnazungushana. Zamani mtu alitolewa kizazi akarudi kazini, hayo majina hatukuyajua. Tatizo la sasa ni hiyo nusu kaputi. Dawa inakaa kwenye ubongo miaka. Kila aliyelazwa kwa nusu kaputi namuona amebadilika.

#13 Nesi Mstaafu
Bibi Shoka, shikamoo. Zamani walikuwa wanalia pia, wakiitwa wavivu au wana kiburi. Nimewaona.

Nusu kaputi kwa sehemu kubwa inatoka mwilini ndani ya siku moja au mbili. Uchovu na kichwa kuwa kizito kwa siku chache zinazofuata ni kawaida, lakini haikai miaka. Ukitafuta mchawi kwenye dawa, angalia zile kali za maumivu za jamii ya mofini. Mtu akizimeza wiki nyingi humfanya mzito, choo kigumu, hana hamu ya kitu.

Ila nilitaka kurudi kwa Subira. Umesema uliongezewa damu. Kuna aliyekupima akiba ya madini chuma baada ya upasuaji? Damu ikisimama, himoglobini hupanda na daktari anafurahi, lakini akiba ya chuma hujaa polepole, huchukua miezi. Feritini, ndicho kipimo cha hiyo akiba, ikiwa chini mtu anachoka, hawezi kufikiri, moyo unadunda akipanda ngazi, anakuwa mkali kwa wanawe. Ukimtazama utaapa ni sonona. Na tezi ya shingo ipimwe hapohapo, ikilegea hufanana hivyohivyo.

#14 Chuma cha Pua
Mmenitaja?

#15 Nesi Mstaafu
Wewe hufai hata kwa kidonge.

#16 Fukuto Langu
Nimecheka, na leo sikutegemea kucheka.

Niongeze langu. Ovari zangu ziko. Baada ya upasuaji nilikuwa nzima kabisa, halafu ghafla siku kadhaa ni kilio, matiti yanauma, kila mtu ananikera. Kisha napona. Kisha tena. Nilidhani narukwa na akili. Dada yangu akaniambia niandike tarehe kwenye daftari. Nilipoangalia, ni mwezi wangu uleule wa siku zote, ila damu haipo! Ovari zinaendelea na mzunguko wao kama hakuna kilichotokea. Zamani ningesema "nipo karibu na siku zangu" na mume anajikalia kimya. Sasa hakuna alama.

Subira, hebu angalia kama kilio chako kinakuja na kuondoka au ni cha kila siku. Ni tofauti.

#17 Kichwa Ngumu
Samahani kwa swali la kijinga. Kama ovari zinatoa mayai na kizazi hakipo, mayai yanakwenda wapi?

#18 Nesi Mstaafu
Yanayeyuka na kufyonzwa na mwili. Yai ni dogo kuliko nukta. Hayarundikani tumboni.

#19 Chuma cha Pua
Asante #17. Nilikuwa naogopa kuuliza.

#20 Subira_N
Nimesoma yote, asanteni. Nimeitafuta karatasi. Mwandiko ni wa kutisha lakini mtu wa duka la dawa amenisomea: kizazi, mirija yote miwili, na ovari ya kulia. Moja. Kumbe "yameachwa" maana yake limeachwa la upande mmoja. Labda walinieleza nikiwa bado na usingizi wa dawa, sijui. Nimekaa nayo mkononi muda mrefu.

Fukuto, changu ni cha kila siku. Hakina likizo.

Na kuna kitu sikuandika mwanzo kwa sababu sikukiona kinahusika. Baada ya mtoto wangu wa pili nilikuwa hivihivi kwa miezi. Hakuna aliyekipa jina. Kilipita chenyewe.

#21 Mlinzi wa Zamu
Kinahusika sana. Nafanya kazi kitengo cha afya ya akili. Mtu aliyewahi kupata sonona, hasa baada ya kujifungua, yuko kwenye hatari zaidi homoni zikitikiswa tena, au maisha yakitikiswa, au vyote. Ovari iliyobaki mara nyingi inatosha kuziba pengo la mwenzake, kwa hiyo usikimbilie kuilaumu kabla ya kipimo.

Ninachoona humu, kila mtu anavutia ugonjwa wake. Mwenye ovari anavuta homoni, mwenye majonzi anavuta majonzi. Sawa. Lakini matibabu ya sonona hayasubiri kesi iishe. Kuna dodoso la maswali tisa, PHQ-9, linauliza wiki mbili zilizopita ulikuwaje: hamu, usingizi, nguvu, kula, kujiona hufai, na kadhalika. Alama ni 0 mpaka 27. Ukifika 10 na kuendelea ni wakati wa kukaa na mtaalamu. Swali la tisa ni kama umefikiria kufa au kujidhuru. Hilo hata ukijibu kwa "siku chache tu", unamwambia mtu leo.

Kuamka saa tisa usiku na kushindwa kurudi usingizini ni dalili tunayoiuliza kila siku. Umeitaja mwenyewe bila kuulizwa.

#22 Bibi Shoka
Marahaba nesi. Sasa huyu #21 anataka kumtia binti wa watu kwenye vidonge. Vile ukianza huachi, unakuwa teja.

#23 Mlinzi wa Zamu
Hapana bibi. Dawa za sonona hazikufanyi uongeze dozi kila mara wala uzitamani. Ukizikata ghafla ndiyo utapata kizunguzungu, usingizi mbovu, mwili kama unapigwa shoti, kwa hiyo zinapunguzwa kidogo kidogo chini ya daktari. Zinachukua wiki mbili mpaka nne kuanza kuonekana, na mtu akipata nafuu anashauriwa aendelee angalau miezi sita. Wengi wanaacha siku wanayojisikia vizuri, na hapo ndipo inarudi. Na sijasema lazima vidonge. Sonona ya wastani, tiba ya mazungumzo peke yake husaidia wengi.

#24 Waridi Jeusi
Jamani wenye saratani mnatusahau. Nilikuwa na saratani ya titi inayolishwa na homoni, niko kwenye tamoksifeni, dawa ya kuizuia isirudi, baadaye kizazi na ovari vikatoka. Kibandiko cha Mama Pacha ni marufuku kwangu. Fukuto ninalo, sonona ninayo.

Angalizo kubwa: baadhi ya dawa za sonona, kama paroksetini na fluoksetini, huzuia mwili kuigeuza tamoksifeni iwe ile inayofanya kazi. Nilianzishiwa mojawapo, mfamasia ndiye aliyeshtuka. Nikahamishiwa venlafaksini, na bahati nzuri imepunguza na fukuto. Daktari wa akili na daktari wa saratani wanaweza wasiwasiliane kabisa, wewe ndiye unatembea na orodha ya dawa zako zote.

#25 Mama Pacha
Waridi pole, na asante kwa hilo. Ila wengine msiogope estrojeni kwa sababu ya maneno ya mitaani. Rafiki yangu ametolewa ovari ana miaka 36, anaambiwa na kila mtu itampa saratani, anakauka tu.

#26 Mdau wa Takwimu
Hofu hiyo ilitokana na utafiti mkubwa wa Marekani, WHI. Sehemu iliyosimamishwa 2002 kwa sababu ya saratani ya titi na mengine ilikuwa ya wanawake wenye kizazi, waliopewa estrojeni pamoja na projestini, homoni nyingine. Sehemu ya wasio na kizazi, estrojeni peke yake, ilisimamishwa 2004 kwa sababu ya kiharusi. Saratani ya titi haikuongezeka kwa hao. Tena wengi walikuwa wameshapita umri wa kukoma hedhi siku nyingi, sio wa miaka 36. Aliyetolewa ovari kijana kwa kawaida hushauriwa atumie mpaka karibu na umri wa kawaida wa kukoma hedhi, miaka 50 hivi, kama hana kizuizi kama cha Waridi. Kuhusu damu kuganda, vidonge vya estrojeni ndivyo vyenye hatari zaidi. Kibandiko ni nafuu.

#27 Fukuto Langu
Hakuna aliyegusa chumbani, nianze mimi.

Wangu alihamia kwenye kochi "asiniumize". Hakusema neno, alichukua mto tu. Mimi nikaelewa nimeshakuwa si mwanamke. Nilikaa na hilo kichwani kwa miezi kumbe mwenzangu anaogopa nyuzi. Daktari akatukalisha wote wawili: juu ya uke pameshonwa na pamefunga, hakuna shimo linaloingia tumboni, wiki sita au zaidi zikipita na daktari akishakagua, ruksa. Ukavu una dawa ya kupaka yenye estrojeni kidogo. Kwangu sonona ilianza kupungua kochi lilipobaki la wageni.

#28 Chuma cha Pua
Kwa hiyo orodha mpaka sasa: homoni, chuma, kiwewe, majonzi, kukaa ndani, na kochi.

#29 Tausi wa Usiku
Nataka kurudi kwenye swali la tisa la #21 kwa sababu mmelipita haraka.

Mimi nilifika huko. Nilikuwa nimeshaweka dawa pembeni. Kilichoniokoa ni kwamba nilimwambia mdogo wangu, kwa sauti ya utani, na yeye hakuchukulia utani. Alihamia kwangu, akatoa dawa zote chumbani, asubuhi tukawa hospitali. Kama kuna anayesoma na yuko hapo, usisubiri watu wajibu huku. Mtafute mtu mmoja sasa hivi, au nenda idara ya dharura iliyo karibu, hata kama ni usiku wa manane na hata kama utajisikia mjinga.

#30 Kichwa Ngumu
Asante Tausi. Uko vipi sasa?

#31 Tausi wa Usiku
Nipo. Mtoto anatembea. Kuna siku nzuri kuliko mbaya, na sikuwahi kufikiri nitaandika hivyo. Nikiona mwanamke mjamzito bado nabadilisha njia.

#32 Subira_N
Nimerudi na majibu, kwa waliouliza ndani ya boksi.

Feritini iko chini sana. FSH imepanda kidogo, wanasema nirudie. Maswali tisa nimepata 16, na la tisa nilijibu sifuri, msiwe na wasiwasi. Daktari wa upasuaji anasema ni chuma, nimeze chuma kwanza tuone. Yule wa afya ya akili anasema hawezi kuniacha na alama 16 nikisubiri chuma kijae, tumeanza mazungumzo kila wiki na kidonge cha dozi ndogo. Nimekubali yote. Nikipona sitajua nani alikuwa sahihi.

Mume ameusoma uzi huu wote. Ameniuliza kama Kichwa Ngumu ni mtu ninayemfahamu.

#33 Kichwa Ngumu
Mwambie nina mke na anasoma pia.

#34 Mama Pacha
FSH imepanda! Nilisema homoni mimi.

#35 Nesi Mstaafu
Imepanda kidogo, na kwa kipimo kimoja. Tulia.

#36 Mgeni Mpya
Nimejiunga kwa ajili ya uzi huu. Nafanyiwa wiki ijayo, uvimbe pia. Niulize nini kabla?

#37 Nesi Mstaafu
Uliza ovari zinabaki ngapi na kwa nini. Uliza kama shingo ya kizazi inabaki, kwa sababu ikibaki utaendelea kupimwa saratani yake na unaweza kuona matone ya damu kila mwezi. Kama uliwahi kuwa na sonona, mwambie daktari kabla, sio baada. Pima damu na feritini sasa. Na omba maelezo ya baada ya upasuaji upewe ukiwa macho, pamoja na mtu wako anayesikiliza.

#38 Kichwa Ngumu
Na wageni uwapangie wiki ya nne.

#39 Bibi Shoka
Mimi bado nasema nusu kaputi. Muombe wakuchome ya mgongoni.